Re: Nimebadilisha mstari mmoja tu, kwa nini ombi langu limefungwa?

Mleta mada yuko Ubungo, anatumia Windows. Amesahihisha mstari mmoja unaohusu tarehe kwenye pakeji ya Python, akatuma ombi la kuunganisha (pull request, yaani kuomba mabadiliko yake yaingizwe kwenye mradi) kwenye GitHub, msimamizi akalifunga na kuandika kwamba ni kubwa mno. Anauliza mstari mmoja unakuwaje mkubwa.

Mkuu, msimamizi hasomi faili lako. Anasoma tofauti kati ya faili lao na lako, na tofauti hiyo huenda ni mistari elfu na ushee. Ingia kwenye folda ya mradi uandike amri hizi za Git, programu inayotunza historia ya msimbo:

git remote add upstream (anwani ya mradi wenyewe, si ya nakala yako)
git fetch upstream
git diff --stat upstream/main

Hapo main ni jina la tawi kuu, yaani mkondo mkuu wa msimbo; miradi mingine linaitwa master, angalia kwanza. Ukiona faili limefutwa karibu lote na kuandikwa upya, rudia amri ya mwisho ukiongeza --ignore-cr-at-eol. Namba ikishuka mpaka 2 (mstari mmoja umetoka, mmoja umeingia), mchawi umempata: miisho ya mistari. Windows humaliza mstari kwa alama mbili zisizoonekana, CR na LF, wakati Linux hutumia LF peke yake. Kihariri chako kimehifadhi faili zima kwa mtindo wa Windows, na kwa Git kila mstari sasa ni mpya. Tiba:

git config core.autocrlf true
git add --renormalize jina_la_faili

Kisha weka komiti (git commit, yaani kurekodi mabadiliko). Taja faili hilo moja tu. Ukiweka nukta badala ya jina unaweza kugusa mafaili ambayo wenyewe wameyaacha hivyo kwa makusudi.

Kama namba haikushuka, mtuhumiwa wa pili ni kihariri kinachopanga msimbo upya kila unapohifadhi. Zima hiyo kitu kwa mradi huu, isipokuwa kama mradi wenyewe unatumia kipangaji hicho hicho. Habari hizo huwa kwenye faili la CONTRIBUTING au pyproject.toml.

Sasa suala la bando, maana wengi hukwama hapa kabla hata ya kuandika msimbo. git clone, amri ya kushusha mradi mzima, haiendelei pale ilipokatikia. Mtandao ukikata kwenye asilimia 90, unaanza sifuri. Kwa mradi wenye historia ndefu tumia git clone --filter=blob:none: unapata historia yote, lakini matoleo ya zamani ya mafaili yanashuka pale tu yanapohitajika. Kuna wanaoshauri --depth 1. Ni nyepesi zaidi, ila historia inakatwa, na siku ya kufanya rebase (kuhamishia komiti zako juu ya msimbo wao mpya) Git inaweza kukosa asili ya pamoja kati ya tawi lako na lao. Hapo utalazimika kutumia git fetch --unshallow, na bando ulilookoa linakwenda lote.

Usifanyie kazi kwenye main ya nakala yako. Ombi hushikamana na tawi lililotumwa, kwa hiyo kila komiti utakayoongeza baadaye, hata ya jambo lingine kabisa, itaingia humo humo. Anza hivi:

git switch -c rekebisha-tarehe upstream/main

Kabla ya kugusa chochote, tengeneza mazingira kwa python -m venv .venv, yawashe, kisha pip install -e . pamoja na vifaa vya majaribio (mara nyingi ni ".[test]" au ".[dev]", majina yako kwenye pyproject.toml). Endesha pytest (programu inayoendesha majaribio) ukiwa bado hujabadilisha kitu, uandike pembeni majaribio yaliyofeli. Hayo si yako, usije ukayabeba. Halafu andika jaribio linalofeli bila marekebisho yako na kupita ukiwa nayo. Ombi la kusahihisha hitilafu bila jaribio linamwachia msimamizi kazi ya kuthibitisha, na yeye mara nyingi anajitolea tu.

Kwa kuwa ulichosahihisha kinahusu tarehe, kuna mtego wa kwetu sisi. Dar iko saa tatu mbele ya UTC (saa ya kimataifa), na seva za majaribio kwa kawaida ziko UTC. Tangu saa sita usiku mpaka saa tisa, date.today() kwenye kompyuta yako inatoa tarehe ya leo wakati UTC bado iko jana. Jaribio linalochanganya hizo mbili litafeli kwako na kupita kwao, na asubuhi litapita hata kwako. Wanaosubiri bando la usiku ndio hasa wanaokutana nalo. Kwenye Linux au WSL (Linux ndani ya Windows) jaribu TZ=UTC pytest, kisha TZ=Africa/Dar_es_Salaam pytest. Majibu yakitofautiana, tafuta msimbo unaochukua saa ya mashine bila kutaja ukanda.

Ujumbe wa komiti: mstari wa kwanza mfupi, chini ya herufi 50 hivi, ukisema kinachofanyika, kisha mstari mtupu, kisha sababu. Baadhi ya miradi, Linux ikiwemo, inataka mstari wa Signed-off-by, yaani saini yako. Amri git commit -s inauweka. Kumbuka pia barua pepe iliyo kwenye user.email inabaki hadharani, kwa hiyo tumia ile ya noreply ambayo GitHub inakupa.

Ukishatuma, usishtuke majaribio yasipoanza. Kwa mchangiaji wa mara ya kwanza msimamizi huenda akahitaji kuyaidhinisha. Subiri wiki moja au mbili ndipo ukumbushe, mara moja. Wakisema tawi limepitwa, git fetch upstream, git rebase upstream/main, kisha git push --force-with-lease. Usizoee --force tupu, hiyo inafuta hata komiti ambayo msimamizi ameiweka kwenye tawi lako.

Lile ombi la zamani liache. Limefungwa na msimamizi, wewe huwezi kulifungua, na ukisukuma tawi lake kwa nguvu hata yeye kitufe cha kulifungua tena kitamgomea. Fungua jipya kutoka tawi jipya, na kwenye maelezo taja namba ya lile la kwanza na useme nini kilikuwa kimeharibika, kwa mfano miisho ya mistari.