Gauni la bibi nililolimaliza kwa mikono yangu

Juzi msomaji mmoja ameniandikia. Ana gauni la harusi la bibi yake, la hariri, limekaa sandukuni miaka na miaka mpaka limegeuka manjano. Anauliza: "Dada, nikiliroweka kwenye maji ya klorini dakika 10 tu, si litarudi jeupe?" Nilimjibu hata sijamaliza kusoma: iweke chini hiyo chupa. Halafu nikanyamaza kidogo, maana dakika 10 ndizo nilizojipangia mimi pia.

Langu lilikuwa la bibi mzaa mama. Hariri nyepesi, mikono mirefu, lesi kwenye kola, na vifungo 22 vya mbao mgongoni, kila kimoja kimevikwa hariri ileile. Mama alinikabidhi mimi, hakuwakabidhi dada zangu, na sitajifanya kwamba kichwa hakikunivimba. Kifuani palikuwa na doa la kahawia. Mama alishangaa, maana siku ya harusi gauni lilivuliwa likiwa safi kabisa. Baadaye sana ndipo nikajua: kinywaji chenye sukari kikimwagikia nguo hukauka bila kuonekana, kisha sukari hugeuka kahawia polepole miaka inavyopita. Wakati ule mimi niliona uchafu tu, na uchafu siuvumilii.

Klorini sikuipima, niliimimina. Doa likaanza kufifia, nikajisifu. Simu ikaita, nikaenda kuongea, dakika 10 zikawa saa nzima. Niliporudi nikashika mabega nilinyanyue gauni, ikaja kola na mikono. Kiwiliwili kilibaki ndani ya beseni, na nilipokigusa kikateleza vidoleni kama ute wa yai.

Hariri ni protini, kama nywele zako. Klorini huila. Pamba ingeweza kunusurika, na kwa kiasi fulani kitani pia, lakini hariri na sufu hapana. Nilikuwa nimefua nguo tangu utotoni na hakuna aliyewahi kuniambia hilo, wala mimi sikuuliza.

Mama alilia kimya. Mama mdogo hakulia, alisema: "Bibi yako amelitunza miaka 50, wewe limekushinda saa moja." Mbele ya watu. Najua huwa anasoma haya ninayoandika, basi na asome na yafuatayo.

Mwezi uliopita nimefua kigauni cha pamba alichovaa mama akiwa mchanga, na kimetoka. Kimetoka! Ila kwanza nilihakikisha ni pamba kweli. Nilichomoa uzi mmoja ndani ya pindo, nikauchoma juu ya sahani: ukinuka nywele zilizoungua ni hariri au sufu, ukinuka karatasi ni pamba au kitani. Kisha nikalowesha kipande cha kitambaa cheupe, nikakibana juu ya kila rangi na kila uzi wa tarizi, kuona kama rangi inahama. Ikihama hata kidogo, nguo hiyo haiingii majini. Na kama ina puleki za zamani, zile za miaka ya 1920 na 1930, jihadhari zaidi: nyingine zilitengenezwa kwa jelatini, zinayeyuka zikiguswa na maji.

Vumbi nililitoa kwa mashine ya kunyonya, nguvu ikiwa chini kabisa, nimetandika wavu juu ya nguo ili isivutwe. Nguo nyingi za urithi zingeishia hapo na zisingehitaji maji kamwe. Hii ilihitaji.

Nilikilaza juu ya wavu, nikakishusha nao kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni laini isiyo na vimeng'enya. (Vimeng'enya vya sabuni za unga vinakula madoa ya protini, kwa hiyo na hariri vinaila; nimezoea kuviepuka hata kwenye pamba.) Sikusugua. Niligandamiza kwa kiganja, maji yakawa kahawia, nikamwaga, nikarudia mara sita. Suuza ya mwisho nilitumia maji yaliyokenekwa, yaani ya mvuke uliopozwa ukarudi kuwa maji, kwa sababu ya bomba yakiwa na chuma huacha madoa ya kutu. Nikakinyanyua kwa wavu tena. Nguo iliyolowa ni nzito, na huo uzito ndio unaoichana. Kikakaukia kivulini juu ya taulo nyeupe. Pasi sikugusa, wala wanga, maana wanga huita wadudu.

Sasa nisikilizeni. Tatizo letu ni kutaka nguo ya bibi iwe mpya. Kwani bibi mwenyewe alikuwa mpya? Ukiishika nguo ya zamani kwa haraka unamshika mtu kwa haraka. Na wale mnaozitia kwenye mfuko wa plastiki mkadhani mmezitunza, acheni leo: plastiki hubana unyevu, ukungu ukaingia. Wale wa kuzitundika kwenye hanga ya waya mbele ya dirisha ndiyo kabisa. Mwanga unachosha nyuzi, na kilichochoshwa na mwanga hakirudi. Laza nguo kwenye boksi lisilo na asidi, jaza mikunjo kwa karatasi nyembamba isiyo na asidi, ondoa pini zote, na kila baada ya miezi kadhaa ikunje mahali tofauti. Karatasi ukikosa, shuka kuukuu la pamba nyeupe, lililofuliwa na kusuuzwa vizuri, linatosha. Msiniambie hamna muda, mimi niliupata muda wa kuongea na simu.

Dada uliyeniandikia, hariri yako iliyogeuka manjano iache na manjano yake. Toa vumbi, ilaze, ifunike. Kama doa linakukosesha usingizi, mpelekee mtaalamu wa kuhifadhi nguo za kale, na umwambie wazi kila kitu ulichokwisha kuipaka.

La kwangu lipo kwenye boksi pia, kola na mikono miwili. Na vifungo, vibao vitupu bila kitambaa chake, nilivyoviokota chini ya beseni. Vipo 20. Viwili nadhani vilikwenda na maji.