Maswali na Majibu: Bahari yetu, amana ya nani?

Wiki hii nimechagua barua nne, zote za Tanga.

Jirani yangu hapa Kigombe anavua kwa baruti. Ana watoto sita, ni mtu wa swala tano, na tukifiwa ndiye wa kwanza kufika. Nikimripoti nitaonekana msaliti. Nikinyamaza, nafsi inanisuta. (Mvuvi wa ngalawa)

Ndugu yangu, nafsi yako inakusuta kwa haki. Tonge la watoto wake ni jambo zito, silipuuzi. Lakini mshike mkononi changu aliyeuawa kwa baruti, kisha mpasue: nyama imelegea kama mkate uliolowa, uti wa mgongo umekatika, damu imevilia ndani. Wachuuzi wanamjua kwa kumbonyeza tu kidole. Na huyo ndiye aliyeokotwa. Wengi wamezama bila kuliwa na mtu, na chini yao matumbawe yamegeuka kokoto. Mwamba uliovunjwa hivyo huchukua miaka na miaka kurudi, pengine usirudi. Jirani yako anawalisha wanawe kwa sahani ya wajukuu zake, na ya wako pia.

Mwendee kwanza wewe na mzee anayemheshimu, faraghani. Mwambieni waziwazi, na muwe tayari kumpa nafasi kwenye chombo chenu, maana maneno matupu hayajazi sufuria. Akikataa, nenda BMU, kile kikundi cha wanakijiji kinachosimamia uvuvi wa pwani yenu. Hapo hujamsaliti mtu.

Tulifundishwa kwamba samaki aitwaye silikanti ana mafuta mengi, haliki. Basi akinaswa na wavu wa jarife, hasara ni ya nani? (Mwanafunzi, Chumbageni)

Mwanangu, swali lako nimekaa nalo siku mbili. Wataalamu waliamini samaki huyu alitoweka zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita, mpaka alipovuliwa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Hapa kwetu walianza kunaswa kwa wingi miaka ya 2000, katika majarife ya papa yanayoteremshwa kwenye kina kirefu, na mwaka 2009 ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti. Mwaka 2021 watafiti waliosoma mistari ya magamba yake, kama tunavyosoma pete za gogo, walikadiria kwamba huishi karibu miaka 100, na kwamba jike hubeba mimba kwa miaka mitano hivi. Miaka mitano, kisha usiku mmoja wa jarife unamaliza yeye na wanawe tumboni.

Hasara ni yake mwenyewe. Wengi hawalipendi jibu hili, kwa sababu tumezoea kumuuliza kila kiumbe ana faida gani kwetu. Silikanti alikuwepo baharini kabla hajatokea mtu wa kumuuliza. Waislamu tunaambiwa binadamu ni khalifa katika ardhi. Ndugu zetu Wakristo wanasoma katika Mwanzo kwamba mtu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza. Khalifa si mwenye mali. Amekabidhiwa, na ataulizwa hata kwa kile asichokila.

Viwanda vya nchi tajiri ndivyo vinavyoharibu hali ya hewa. Mbona tunaandamwa sisi na vimifuko vyetu? (Mama lishe, Ngamiani)

Ni kweli, dada. Mzigo wao ni mkubwa kuliko wetu na lazima waubebe. Ila mfereji ulioziba nyuma ya banda lako haukuzibwa na mtu wa Ulaya. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, na Ibara ya 27 ya Katiba inampa kila mtu wajibu wa kulinda maliasili. Wadai wao, na kikapu ukishike.

Nakata mikoko kidogo tu, boriti za banda langu. Nayo ni dhambi? (Mzee, Tongoni)

Shikamoo, mzee wangu. Mikoko ni msitu wa hifadhi, na haikatwi bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu. Anzia hapo. Kidogo chako peke yake hakinitishi. Kinachonitisha ni kwamba kila nyumba ina kidogo chake. Maji yakitoka, inama uchungulie kwenye mizizi: utaona kamba wadogo kama punje za mchele, na visamaki vinavyojificha humo mpaka vikue. Hao ndio riziki ya wanao.

Pale ulipokwisha kukata, parudishie. Mbegu za mkoko huanguka zikiwa zimeshachipua, ndefu kama mkono wa mtoto. Ziokote, uzichomeke topeni kwa mkono wako, na bamvua ijayo uende kuzitazama kama zimeshika.