Ukurasa wako wa Google Maps umefungiwa? Usifungue wa pili

Mkuu mleta mada, acha. Hiyo barua pepe ya mkeo unayotaka kuifungulia ukurasa mpya, iache ilivyo. Unasema saluni yako ya Arusha imefungiwa kwenye Google Maps baada ya kubadilisha jina. Unauliza rufaa inachukua muda gani, maoni ya wateja yatapotea au la, namba ya simu uibadilishe au uiache, halafu mwishoni unadondosha kwamba kuna jamaa amekushauri uanze upya kimya kimya kwa jina la mke. Umeliandika kama jambo dogo. Hilo ndilo litakalokuzika.

Jamaa wa namna hiyo namjua. Siyo wako, wa kwangu, ila naona walisomea darasa moja.

Mimi ni fundi AC na friji hapa Dar. Duka sina, wateja nawafuata majumbani. Ukurasa wangu wa kwanza ulikuwa na maoni ya watu wa kweli, wa Mikocheni, Mbezi Beach, Kijitonyama, niliyokuwa nikiyaomba mmoja mmoja baada ya kila kazi. Kufungiwa kwenyewe sibishi, nilijitakia: nilikuwa nimejiita "Fundi AC Dar es Salaam Bei Nafuu Masaa 24". Sharti la Google ni kwamba jina liwe lile la biashara yenyewe, lililo kwenye kibao na nyaraka, siyo tangazo la redio. Pale pale ningerudisha jina langu, nikakata rufaa, nikaendelea kuosha filta za watu.

Badala yake nikampata "mtaalamu wa masoko ya mtandaoni". Kijana msafi, laptop imejaa stika, anaongea haraka. Akaniambia, "Kaka, huo umeshaungua, hauamki tena. Tunafungua mwingine, wiki moja uko juu." Nikampa hela. Kiasi sikitaji, mke wangu naye husoma humu.

Sasa sikiliza alichofanya, kwa sababu huyo wako atafanya hicho hicho. Barua pepe mpya, sawa. Namba ya simu ile ile, maana ndiyo wateja wanayoijua. Picha zile zile. Anwani akaweka ya duka la shemeji yangu Sinza, eti ramani inapenda mahali penye barabara. Kwenye kuhakiki Google walitaka video inayoonyesha mtaa, kibao, vifaa vya kazi na ushahidi kwamba mwenye mahali ni wewe. Basi tukaenda kurekodi dukani kwa shemeji: geji zangu na mtungi wa gesi vimepangwa katikati ya madera ya kuuza, kibao cha karatasi kimebandikwa kwa selotepu. Shemeji kanuna nyuma ya kaunta. Nacheka sasa, siku ile nilikuwa serious kabisa.

Ikapita. Hapo ndipo nilipoamini jamaa ni mchawi. Akaongeza na maoni ya kununua. Ghafla nina nyota tano kutoka kwa watu ambao siku hiyo hiyo walimsifu daktari wa meno na hoteli katika nchi tatu tofauti. Mmoja alinishukuru kwa "chakula kitamu". Fundi AC!

Lakini kinachoniuma mpaka leo siyo hicho. Niliwapigia wateja wangu wa zamani, mmoja mmoja, nikawaomba wahamishie maoni yao kwenye ukurasa mpya. Mama mmoja wa Mikocheni aliandika aya nzima, hadi jinsi nilivyomrudishia chenji ya kapasita. Wengine walifuta kule kwa zamani kabisa, kwa kunisaidia. Halafu ukurasa wa pili nao ukafungiwa, na maoni yao yakaondoka nao. Unampigiaje mteja mara ya pili kumwomba aandike tena? Mimi sikuweza. Na hiyo ilikuwa Desemba, joto la Dar limepanda, msimu ambao fundi AC anakula hadi Machi. Simu ikakaa kimya kama ya mdaiwa.

Jamaa nilipomtafuta, akaniambia tufungue wa tatu. Akaongeza kwamba ana "mtu wake" ndani ya Google, anahitaji ya kumtoa chai. Mkuu, rufaa ni bure. Unaijaza mwenyewe kwa akaunti ile ile inayomiliki ukurasa. Yeyote anayekuomba hela ya chai ya Google ni kishoka tu, sawa na wale wa umeme.

Biashara moja ina ukurasa mmoja, ndiyo sharti lao. Ukifungua wa pili wakati wa kwanza umefungiwa, hujatatua lililokufungia, umeongeza kosa juu ya kosa. Ni kujaza gesi kwenye mfumo unaovuja: itapoa siku chache, halafu unalipia gesi mara mbili na tundu bado lipo.

Nilichokuja kufanya ndicho ninachotaka ufanye leo. Ukurasa ule ule wa kwanza, ingia, urekebishe kabla ya kukata rufaa. Jina liwe kama lilivyo kwenye cheti cha BRELA, wale wanaosajili majina ya biashara, na leseni ya biashara, bila "bora", bila "Arusha" kama halimo. Mimi niliondoa na anwani, nikaacha maeneo ninayohudumia tu, kwa kuwa mteja haji kwangu. Wewe una saluni yenye mlango, anwani yako ibaki, ila piga picha kibao cha kudumu na namba ya nyumba ya anwani za makazi.

Na usibonyeze rufaa ukiwa mikono mitupu! Ukishafungua fomu ya kuambatisha ushahidi una dakika 60 tu. Mimi mara ya kwanza nilibonyeza nikiwa juu ya ngazi kwa mteja, kisha nikaanza kutafuta karatasi. Nikaishia kuwatumia risiti ya LUKU. Risiti ya LUKU! Mita ni ya mwenye nyumba, jina lake, mimi simo hata kwa herufi moja. Wakakataa. Leseni, cheti cha TIN, cheti cha jina la biashara, viwe vimeshaskaniwa kwenye simu, na jina na anwani visomeke sawasawa na vya kwenye ukurasa. Kama bado hujasajili jina, sajili kwanza BRELA, inafanyika mtandaoni.

Mwishowe ukurasa wa kwanza ulirudi. Maoni niliyoyakuta ni ya wale wavivu ambao hawakunisikiliza nilipowaomba wahame, Mungu awabariki.

Huyo jamaa wako mwulize kitu kimoja: ameshaomba kuiona leseni yako? Wangu hakuwahi. Kisha njoo uandike hapa jina lilivyo kwenye leseni na lilivyo kwenye ukurasa, tulinganishe kabla hujagusa kitu.