Usitume depositi kabla hujaziona tarakimu sita za fani yako

Usitume hizo dola 500 za kushika nafasi chuoni. Kama mzee ameshaingia benki, mpigie simu atoke.

Nimesoma swali lako mara tatu. Umepata A- kwenye KCSE na una barua mbili mkononi. Moja ni ya chuo cha biashara Ohio, shahada ya Fedha, wamekupunguzia dola 15,000 kwa mwaka. Ya pili ni ya chuo kikuu cha umma, shahada ya Uchumi, punguzo dogo na jina ambalo mtaani kwenu halijulikani. Unataka kuishia kwenye benki za uwekezaji. Unauliza kipi kina jina zaidi, kama fani ndogo ya takwimu itakusaidia, kama uanze mitihani ya uhasibu, CPA ya KASNEB, kabla ya kuondoka, kama utaweza kufanya kazi huku ukisoma, na chakula cha halali utakipata wapi. Halafu mwisho kabisa ukaandika: "Wakala wangu anasema nichukue Ohio kwa sababu cheti kitasomeka Finance."

Hapo nikaweka kikombe chini. Neno kwa neno, ndivyo nilivyoambiwa mimi mwaka 2014, Mombasa hii hii.

Skiza mdogo wangu. Kila fani inayofundishwa Marekani ina namba ya tarakimu sita. Utaikuta ukurasa wa kwanza wa I-20, ile fomu ambayo chuo kitakutumia uende nayo kwenye mahojiano ya viza kule Gigiri. Fedha, kwa kawaida, ni 52.0801. Uchumi wa kawaida ni 45.0601. Ekonometria na uchumi wa kihesabu ni 45.0603. Hisabati ya fedha ni 27.0305. Zinafanana kama namba za simu za ndugu wawili, lakini ndizo zinazoamua utakaa miaka mingapi.

Mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, akimaliza shahada huruhusiwa kufanya kazi ya fani yake kwa miezi 12. Ruhusa hiyo ndiyo OPT. Ikiwa namba ya fani yake imo kwenye orodha ya serikali ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, yaani STEM, huongezewa miezi 24. Ya kwanza na ya pili nilizokutajia hazimo. Ya tatu na ya nne zimo. Yaani vijana wawili wanaweza kukaa darasa moja la uthamini wa kampuni, wakafungua majedwali yale yale ya Excel, wakaajiriwa meza moja, mmoja ana mwaka mmoja na mwenzake ana mitatu.

Na miaka hiyo si ya kuongeza mshahara tu. Ukitaka kubaki kazini baada ya OPT, mwajiri anakuombea viza ya kazi, H-1B, na H-1B inapatikana kwa bahati nasibu. Nafasi ni 65,000 kwa mwaka, na nyingine 20,000 kwa wenye shahada ya uzamili au zaidi kutoka vyuo vya huko. Bahati nasibu huchezwa mara moja kwa mwaka, kwenye majira ya kuchipua. Mwenye miezi 12 anaingia mara moja. Mwenye miezi 36 anaingia mara tatu. Hesabu hiyo huhitaji kwenda Ohio kuijua, na wala mimi sikuhitaji. Hakuna aliyenifanyia.

Nilihitimu Mei 2018. Nilikuwa nimetuma maombi ya kazi hadi macho yakawa mekundu. Fomu karibu zote zinakuuliza kama utahitaji kudhaminiwa viza sasa au siku za usoni. Ukijibu ndiyo, kampuni nyingi ndogo na benki nyingi za mikoani zinakuacha hapo hapo, hata wasifu wako hawaufungui. Kwenye maonyesho ya ajira ya chuo nilipanga foleni dakika 40 kuonana na benki moja, nikaulizwa swali hilo kabla sijataja jina langu. Kwenye OPT huruhusiwi kukaa bila kazi zaidi ya siku 90 kwa jumla. Mimi nilipata siku ya 71, kampuni ndogo ya ushauri wa uwekezaji Chicago. Watu wazuri. Nilipowaeleza habari ya viza, mwenye kampuni akauliza swali moja tu: "Fani yako inaongezewa ile miaka miwili?" Yeye aliijua. Mwajiri wa Chicago anajua, mimi niliyelipa karo miaka minne nilikuja kujua nimeshachelewa.

Wakaniombea hata hivyo, Aprili 2019. Mwaka ule yaliingia maombi 201,011 kugombea nafasi 85,000. Mwisho wa Juni wakili wao akaniita, akaniambia tusiendelee kusubiri. OPT yangu ikaisha Julai, nikapewa siku 60 za kufunga mizigo, na Septemba nilikuwa nimeshuka Moi.

Sasa linganisha. Kulikuwa na dada mmoja wa Ghana tuliyeanza naye kazi pale pale Chicago. Yeye alisoma uchumi wa 45.0603 kwenye chuo ambacho jina lake sikuwahi kulisikia. Alikosa 2019 kama mimi. Alikosa tena 2020. Alipata 2021. Hakunizidi akili, na yeye mwenyewe atakwambia hivyo. Alinizidi safari mbili za kujaribu.

Na hiki ndicho kinachonikera mpaka leo: mimi pia nilikuwa na barua ya pili. Chuo cha umma, uchumi wa kihesabu, kama hiyo yako. Niliikataa. Babangu aliuza kiwanja cha Mtwapa. Chama cha mamangu kilimpa zamu yake mapema. Kisauni watu walifanya harambee, wazee waliokuwa hawajanilipia hata soda walitoa noti za elfu moja moja. Pesa hizo zote zikaenda kununua 52.0801.

Nikiwa mwaka wa tatu, ofisi ya wanafunzi wa kigeni walituita kutueleza habari ya OPT. Mama wa ofisi akachukua I-20 yangu, akaweka kidole juu ya zile tarakimu, akanyamaza kidogo. Karatasi ile nilikuwa nayo tangu Nairobi, nimeitia kwenye plastiki isilowe. Nikaomba kubadili fani siku hiyo hiyo. Mshauri wa masomo akanipigia hesabu: kalkulasi mbili zilizobaki, aljebra ya mistari, ekonometria mbili, mihula miwili zaidi. Mihula miwili ilikuwa kiwanja kingine, na kiwanja kingine hatukuwa nacho.

Asitokee mtu hapa kuniambia "ungesoma mwenyewe." Nilisoma. Nilikuwa na miaka 19, nikasoma kila ukurasa wa kijitabu chao, na kijitabu hakikuwa na namba hata moja ya hizo. Kilikuwa na asilimia ya wahitimu waliopata kazi, bila kutenganisha Wamarekani na sisi wa viza. Kijana wa pale anayepewa kazi katika benki ya mjomba wake amehesabiwa humo humo. Huo si uzembe wa mtoto wa miaka 19. Waliokuwa na wajibu wa kusema walinyamaza.

Na wakala, huyo sijamsamehe. Alikuja nyumbani, akanywa chai ya mamangu, akala mahamri, akamwambia, "Mama, huyu ni mtu wa benki tayari." Barua ya chuo cha pili aliisukuma pembeni ya meza bila kuisoma. Baadaye nilikuja kujua kwamba wakala hulipwa kamisheni na chuo kwa kila mwanafunzi anayeripoti na kulipa karo, na chuo cha pili hakikuwa na mkataba naye. Niliporudi 2019 nilikwenda ofisini kwake nimuulize uso kwa uso kama alijua. Hakuniacha nimalize. Aliniuliza kama nina mdogo wangu anayetaka kusoma nje.

Kwa hiyo huyo wako anapokwambia cheti kisomeke Finance, muulize analipwa na nani. Ushauri wa bure wapo wanaotoa: EducationUSA, washauri wa serikali ya Marekani kwa wanaotaka kusoma kule, wana kituo Nairobi, hawachukui kamisheni ya chuo chochote. Mimi nilipita Gigiri kwa viza tu, sikujua kama huduma hiyo ipo.

Na benki hazihitaji neno Finance kwenye cheti. Benki kubwa za New York huchukua watu wa uchumi, hisabati, uhandisi, hata historia. Zinachoangalia ni chuo ambacho wao wenyewe huenda kuchukua watu, alama zako, na intanshipu ya kiangazi kabla ya mwaka wa mwisho. Maombi ya intanshipu hiyo siku hizi hufunguliwa ukiwa bado mwaka wa pili, zaidi ya mwaka mzima kabla. Hizo benki kubwa hudhamini viza mara nyingi kuliko wadogo, lakini hata wao wanapenda mtu mwenye miaka mitatu mbele yake.

Fani ndogo ya takwimu: hapana. Fani ndogo haihesabiwi kabisa kwenye kuongezewa miezi 24, hata iwe ya hisabati tupu. Fani kuu ya pili ndiyo inayohesabiwa, mradi iandikwe kwenye rekodi yako ya viza na kwenye I-20. Kama roho yako ni lazima isome Fedha, isome, lakini iambatanishe na fani kuu nyingine iliyomo kwenye orodha, na uanze kalkulasi muhula wa kwanza. Usingoje wa tatu. Na huko mbele hakikisha mwajiri wako amejiandikisha E-Verify, mfumo wa serikali wa kuhakiki ruhusa ya kazi, bila hivyo hata ukiwa na namba nzuri hupati nyongeza.

Kazi wakati wa masomo ni saa 20 kwa wiki ndani ya chuo, na haitalipa karo. Itakununulia vitabu na nauli.

Najua mtu atasema sheria zimebadilika, na ni kweli. Septemba 2025 ilitangazwa ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya H-1B, na inawalenga hasa wanaoombewa wakiwa nje ya Marekani. Nani atakulipia hiyo ukiwa umesharudi Nyali? Ndiyo maana miezi yako ya kukaa ndani kihalali ina thamani kubwa zaidi sasa kuliko wakati wangu.

Usinielewe vibaya. Nina kazi nzuri leo, kitengo cha mikopo, nalala kwangu, nakula kwa mamangu Ijumaa. Sikupotea. Lakini babangu alikuwa amekubali kuuza kile kiwanja ili nijaribu mara tatu, na alilipia jaribio moja bila kujua.

Andika hivi, vyuo vyote viwili, kwa barua pepe ya ofisi ya wanafunzi wa kigeni, si kwa mtu wa udahili wala kwa wakala: "Fani niliyokubaliwa itaandikwa namba gani ya tarakimu sita kwenye I-20 yangu? Je, imo kwenye orodha ya STEM? Katika wahitimu wa kigeni wa fani hii miaka mitatu iliyopita, wangapi waliajiriwa na kudhaminiwa viza, na waajiri gani?" Ya mwisho wanaweza wakaizunguka. Ya kwanza hawawezi, ni namba, wanayo. Vyuo vingi vimehamisha shahada zao za Uchumi kwenda 45.0603, kwa hiyo huenda hicho chuo unachokidharau ndicho. Huenda sicho. Lazima waandike wao.

Mwisho wa kulipa ni Mei 1, una siku tisa. Ohio ikiwa saa tatu asubuhi, kwetu ni saa kumi alasiri, kwa hiyo ukituma leo kabla ya hapo watakuta barua yako wakifungua ofisi. Wakijibu, ziweke namba zote mbili hapa nizione kabla mzee hajarudi benki.