Kabla hujamchorea mtu ramani, asaini kwanza

Wadogo zangu mnaoanza kuchorea watu ramani za nyumba, kuna jamaa anaitwa William Van Alen, ndo aliyechora Chrysler Building pale New York, lile la ghorofa 77 lenye kilele kinachong'aa kama sufuria mpya.

Alikuwa kwenye ligi na Craig Severance, zamani walikuwa na ofisi moja wakaja kutibuana, sasa mwenzie anajenga ghorofa la 40 Wall Street na kila mmoja anataka la kwake liwe refu kuliko yote duniani. Severance akagota mita 283, akajua kamaliza mchezo. Kumbe Van Alen ana mnara wa chuma wa mita 56 hivi, mafundi wameuunga vipande vipande humo humo ndani ya jengo, walioko barabarani hawajui lolote, Oktoba 1929 wakauchomoza juu kwa kama saa moja na nusu tu, jengo likafika mita 319. Hiyo stori hata niisikie mara mia nacheka peke yangu.

Ila wengi wanaishia hapo, ya pesa hawasemi. Huyu bwana Van Alen hakuwa na mkataba aliosaini na Walter Chrysler, mwenye jengo! Kazi imeisha anadai asilimia 6 ya gharama, na hiyo ndo ilikuwa kawaida ya fani enzi hizo, jengo lilikula kama dola milioni 14 kwa hiyo ni dola 840,000. Chrysler akagoma, tena akamtuhumu kala rushwa ya makandarasi. Wakafikishana mahakamani, Van Alen akashinda, lakini jina lilishachafuka na uchumi wa Marekani nao ulishaanguka, nani ampe ghorofa mtu anayeshtaki wateja? Akaishia kufundisha uchongaji wa sanamu. Hata ule urefu, 1931 ghorofa la Empire State likampita.

Mimi yangu ni ya kiwango cha vyumba vinne. Mteja tunafahamiana, chai yake nimekunywa, nikaona aibu kumpa karatasi asaini. Kabadilisha ngazi mara tatu, nikamtumia kila kitu WhatsApp, siku nadai ananiambia "si mchoro tu huo". Nyumba ipo, nikipita na daladala naiona, na ngazi ni ile ile ya mara ya tatu.

Siku hizi mchoro wa kwanza unatoka na jina langu limepita katikati kwa herufi kubwa, advansi ya nusu ikiingia ndo naendelea, na kubadilisha bure mwisho mara mbili, imeandikwa. Akinuna mwache anune, shemeji yangu mwenyewe alinuna wiki nzima kisha akasaini.