Ampli inachoma hata muziki haijaanza

SWALI: Jambo fundi. Niko Goma, Katindo, nilitengeneza ampli ya chipu ya TDA2030 ya chapeli yetu. Chipu inachoma sana hata sijaweka muziki, twita (spika ndogo ya sauti za juu) imeungua, na nikirefusha waya ya bafle (spika) inazidi. Kule Birere wananiambia chipu ni feki, nimeshabadilisha tatu. Mimi nilichogusa ni rezista ya 680 ohm tu, nikaweka ya 4.7k sababu ampli ilikuwa inanguruma, na kweli ikapunguza. Nifanye nini?

JIBU: Jambo ndugu. Acha kwanza kununua chipu, feki ziko mingi kweli lakini tatu zote kuchoma namna moja, hapana. Ampli yako inajipigia kelele yenyewe, ila juu sana kupita 20,000 Hz, sikio haisikii, twita ndiyo inalipa. Hakikisha hivi: toa muziki, leta karibu radio ya AM, washa ampli, ikianza kupiga filimbi ao stesheni ikapotea basi ndiyo hiyo.

Na mwenye kosa ni ile rezista yako. Kama ile ingine, inayorudisha sauti kutoka pato, bado ni 22k, na 680 ampli ilikuza sauti mara 33 hivi, karibu 30 dB (desibeli, kipimo cha ukuzaji), na 4.7k umeshusha mpaka mara 6 haifiki, 15 dB, na hii chipu inataka isishuke chini ya 24 dB. Unaona, sehemu ya sauti inayotoka inarudi nyuma kuizuia chipu, na wewe umezidisha hiyo ya kurudi, sasa kule juu inarudi imechelewa, kama mtu wa chukudu (ile baiskeli ya mbao) unamwambia shika freni yeye anashika wakati ungetaka asukume. Rudisha 680. Ule mngurumo utafute kwenye masi (waya ya ardhi, 0 V) na kwenye waya ya kuingilia, weka ya blinde (yenye wavu wa kukinga), na sauti uipunguze kwa potensiometa ya mbele.

Kisha angalia kwenye pato kama kuko rezista ya 1 ohm na kondensa ya 100 ao 220 nF zimefuatana mpaka masi (wengi wanaziruka eti hazipitishi muziki), na kondensa ya 100 nF kwenye miguu ya 3 na 5 (ya umeme) kabisa, si sentimita kumi mbali. Waya ya bafle isipite karibu na ya kuingilia.

Ukiwasha tena, pitisha umeme wa transfo kwenye balbu ya 60 W ya zamani (ya waya, si LED), na twita usiirudishe mpaka radio iache hiyo filimbi na stesheni irudi.