Mapenzi na Hatari Katika Kamba Moja

Mswada wangu wa kwanza wa riwaya ya mapenzi yenye taharuki ulikuwa na sura 32, na rafiki niliyempa ausome aliniambia bila kupepesa macho kwamba alisoma zile za mauaji tu, kwa kuwa aligundua mapema kwamba akiziruka za mapenzi hapungukiwi na kitu. Nilimnunia kwa siku kadhaa. Kisha nikafanya jaribio ambalo sasa humshauri kila mwandishi alifanye kabla ya kumpelekea mhariri kazi yake: nilizitoa sura zote za mapenzi na kuusoma mswada uliobaki, nikakuta hadithi imesimama wima bila hizo. Nilikuwa nimeandika vitabu viwili na kuvifunga ndani ya jalada moja.

Riwaya ya aina hii haidai idadi sawa ya mabusu na bastola. Inachodai ni kwamba swali la iwapo wawili hawa watapendana na swali la iwapo watapona yategemeane, kiasi kwamba huwezi kulijibu moja bila kuligusa la pili. Mhusika wangu mkuu alikuwa mhasibu aliyegundua kwamba fedha za kampuni zinachotwa, na mpenzi wake alikuwa jirani mpole asiyehusika na lolote. Nilipoandika upya, nilimfanya mpenzi huyo kuwa ndiye ambaye sahihi yake imo katika hati za malipo, na hapo kila hatua ya kumkaribia ikawa pia hatua ya kuikaribia hatari. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nami sijapata maelezo mafupi ya utanzu huu yanayoushinda usemi huo. Tangu wakati huo, pembeni mwa kila onyesho huandika mistari miwili: imani kati ya wapenzi imebadilika vipi, na hatari imebadilika vipi. Mstari mmoja ukibaki mtupu, onyesho hilo huliunganisha na jingine au hulifuta.

Kosa la pili lilikuwa kuficha kila kitu hadi sura ya mwisho, nikidhani kwamba huko ndiko kujenga taharuki. Mwongozaji wa filamu Alfred Hitchcock alieleza tofauti hiyo kwa mfano wa bomu lililo chini ya meza: likilipuka bila mtazamaji kujua, umempa mshtuko wa sekunde kumi na tano, lakini akijua kwamba lipo na saa inakwenda, mazungumzo ya kawaida kabisa ya watu walioketi pale yatamshika kwa dakika kumi na tano. Katika mapenzi, bomu hilo linaweza kuwa kitu kidogo sana. Katika mswada wa pili nilimruhusu msomaji amwone mwanamume akiichukua kadi ya kuingilia ofisini kutoka katika mkoba wa mhasibu, kisha akirudi mezani na kumuuliza kwa upole kama amechoka. Sikueleza kwa nini aliichukua. Kuanzia hapo, kila neno la huruma alilolitamka lilisomwa kwa macho mawili, na sura za mapenzi ambazo zamani zilirukwa zikawa ndizo zinazosomwa polepole.

Kuhusu wapenzi wanaosimama kubusiana huku risasi zikipita juu ya vichwa vyao, nasema tu kwamba msomaji hucheka mahali usipotaka acheke. Ukaribu hufaa katika utulivu unaofuata hatari, mikono ikiwa bado inatetemeka, kwa sababu ndipo watu husema mambo ambayo wasingeyasema wakiwa na nafasi ya kujipanga. Tena, tuache kumwita mlinzi mtu anayempekua mwenzake simu na kumkataza kutoka nje. Tabia hiyo inaweza kuwa ishara nzuri ya kumtilia mtu shaka, lakini mwandishi anayeiwasilisha kama ushahidi wa mapenzi amempotosha msomaji wake.

Chama cha waandishi wa riwaya za mapenzi cha Marekani, Romance Writers of America, kilichoanzishwa mwaka 1980, kilitaja nguzo mbili za riwaya ya mapenzi: kisa cha mapenzi kiwe kiini, na mwisho uridhishe na uwe na matumaini. Niliwahi kuivunja nguzo ya pili kwa kumuua mpenzi katika ukurasa wa mwisho, nikijiona jasiri, na barua nilizopokea zilinifundisha kwamba wasomaji hawa husamehe maiti nyingi lakini si maiti hiyo.

Kuuza kulinishinda kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu nilijificha nyuma ya msemo kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kitabu hakina miguu. Jalada langu la kwanza lilikuwa jeusi lenye kisu katikati, na lilifanya kazi yake barabara: liliwavuta wapenzi wa riwaya za upelelezi, nao wakalalamika kwamba mapenzi yamezidi, huku wale niliowaandikia wakipita mbali. Nililibadilisha, nikaweka watu wawili waliosimama karibu, mmoja akitazama nyuma, na malalamiko hayo yakakoma ingawa ndani sikugusa hata koma. Muhtasari wa nyuma ya kitabu nao usivuke robo ya kwanza ya hadithi. Mtaje mhusika, anachokitafuta, na sababu ya kutomwamini mtu anayemhitaji, kisha unyamaze.

Anayejichapishia kupitia Amazon anapewa nafasi saba za maneno ya utafutaji, nami nilizipoteza kwa kuandika maneno kama «riwaya» na «kitabu kizuri», badala ya yale ambayo msomaji huyaandika akitafuta kisa cha mapenzi chenye siri na hatari. Ukijiunga na KDP Select, mpango wa Amazon wa kuiuza nakala ya kidijitali kwake peke yake, nakala yako ya kidijitali haitakiwi kuuzwa wala kugawiwa kwingine kwa siku 90, kwa hiyo usiiweke mtandaoni sura baada ya sura katika kipindi hicho. Maoni ya ndugu na marafiki wa karibu pia hayaruhusiwi huko. Mimi hutoa nakala za mapema kwa wasomaji nisio na undugu nao, wiki sita kabla ya kitabu kutoka, nikiwaomba waseme wanachofikiri, kibaya kikiwemo. Kati ya 20 niliowapa mara ya mwisho, 11 waliandika, na mmoja hakukipenda kabisa. Maoni yake yaliniletea wanunuzi, kwa kuwa alilalamikia hasa kile ambacho wengine wanakitafuta.

Kuwahimiza watu kila siku wanunue huwafukuza. Katika karne ya 19 mwandishi Mwingereza Wilkie Collins alichapisha baadhi ya riwaya zake kipande kwa kipande katika jarida la kila wiki la Charles Dickens, na kilichowarudisha wasomaji wiki iliyofuata ni mahali alipokatia. Nami huchagua dondoo ya maneno kama 200, nikaikata pale swali linapoulizwa, kabla ya jibu. Ile iliyofanya vizuri kuliko zote ilikuwa ya kadi na mkoba: iliishia mwanamume akiuliza, «Umechoka?», na kabla ya jioni watu wawili wasiofahamiana walikuwa wakibishana kama anampenda au anamwinda.